Mgeni Analala Kwetu: Loji za Porini na Vijana Wetu

*Mada iliyotolewa na mwanachama mwenzetu, aliyefanya kazi miaka 21 katika kambi za watalii Serengeti, mbele ya mkutano mkuu wa mwaka na harambee ya Umoja wetu.*

  

Naishukuru Kamati kwa kunipa nafasi hii. Barua niliyoletewa inasema nizungumze kuhusu maisha ndani ya loji za kitalii na faida yake kwa watu wa nyumbani. Ni jambo zuri kuzungumza. Wengi wetu tumezaliwa na kukulia jirani na loji hizo. Tumeona magari yake yakipita na kutuachia vumbi, tumeona ndege ndogo zikishuka, tumeona taa zake usiku kule mlimani. Lakini ni wachache waliowahi kulala ndani. Ndiyo maana kila tukikutana tunabishana kwa kukisia. Mmoja anasema kule kuna utajiri usiohesabika tunaoibiwa. Mwingine anasema hakuna kitu, ni mahema tu.

Mimi nilianza kwa kuosha sufuria, nikamaliza nikiwa meneja msaidizi. Nitasema nilichokiona. Halafu nitaeleza kwa nini naunga mkono pendekezo la Kamati kwamba harambee ya mwaka huu iende kwenye ada za vijana.

Tunazungumzia eneo gani

Kwa faida ya watoto wetu waliozaliwa hapa mjini, nianze na ramani. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilianzishwa mwaka 1951, na mwaka 1981 iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Ina ukubwa wa kilomita za mraba zaidi ya 14,700. Kwetu ni magharibi mwake. Mwaka 1994 yakatangazwa mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti, ambayo wazee waliopo hapa waliyajua kama malisho, mawindo na njia za kwenda kutembelea ndugu. Baadaye vijiji vyetu vitano, Robanda, Nyichoka, Nyakitono, Makundusi na Nata Mbiso, vikatenga sehemu ya ardhi yao na kuunda Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori ya Ikona. Jina lenyewe limeunganisha Ikoma na Nata.

Kwa hiyo loji na kambi tunazozisema zipo za aina tatu. Zipo zilizo ndani ya hifadhi ya taifa, zipo zilizo katika mapori ya akiba, kama Sasakwa, Sabora na Faru Faru, na zipo zilizo kwenye ardhi ya Jumuiya, yaani ardhi ya vijiji. Ukitaka kujua fedha ya kambi fulani inakwenda wapi, kwanza uliza imesimama kwenye ardhi ya aina gani. Tukilichanganya hilo tunagombana bure.

Mgeni anavyolala

Kambi niliyofanyia kazi ilikuwa na utaratibu mmoja niliupenda. Mfanyakazi akipandishwa cheo kuwa msimamizi, analala usiku mmoja kama mgeni, ili aone huduma akiwa upande wa pili wa meza. Zamu yangu ilifika mwishoni mwa Novemba, mvua za vuli zimeanza na wageni ni wachache. Nikapewa hema namba 7. Kitanda kile nilikuwa nimekitandika mara nyingi kuliko kitanda changu mwenyewe.

Msidhani hema ni lile la turubai la kwenye msiba. Hema la kambi kubwa lina sakafu ya mbao, kitanda cha mbao nzito chenye neti nyeupe, meza ya kuandikia, choo cha kuvuta na bafu ndani. Umeme unatoka kwenye sola. Mbele kuna kibaraza chenye viti viwili vinavyotazama nyika. Hakuna televisheni, na hilo limefanywa kwa makusudi.

Mgeni halisi hufika kwa ndege ndogo ya abiria 12 au 13, na mzigo wake hautakiwi kuzidi kilo 15, kwenye begi laini. Akishuka anapewa taulo baridi na juisi. Jina lake linajulikana kabla hajalitaja. Asiyekula nyama, anayedhurika na karanga, aliye kwenye fungate, wote wameandikwa jikoni siku tatu kabla.

Saa 11 na nusu alfajiri anaamshwa kwa kahawa na biskuti. Anayemwamsha anaita jina lake kwa sauti ya chini akiwa nje ya hema, hagongi kitu. Saa 12 gari linaondoka. Saa 3 anatandikiwa kifungua kinywa chini ya mgunga, mayai yanakaangwa hapohapo porini. Mchana anakula, analala, anasoma kitabu. Saa 10 alasiri chai na keki, kisha gari tena. Jua likizama wanasimama mahali pa wazi, wanakunywa wanachokunywa, hakuna anayepiga kelele. Saa 2 usiku chakula cha jioni, taa za mafuta zimepangwa njiani. Akitaka kwenda kulala anasindikizwa na askari, kwa sababu kambi haina uzio na nyati hapigi hodi.

Usiku ule, karibu saa 9, simba akanguruma upande wa mto. Ndugu zangu, sauti ile naijua tangu utoto. Nyumbani simba akinguruma, baba alikuwa anaamka, anachukua tochi na mkuki, anakwenda kutazama zizi, na mama haulali mpaka arudi. Kule mimi nilikuwa kwenye shuka nyeupe. Asubuhi mama mmoja wa Kiholanzi wa hema la jirani alikuja mezani macho yamemvimba. Nikadhani aliogopa. Akasema hapana, alilia kwa furaha, kwa sababu sauti ile ndiyo aliyoiwekea akiba miaka minne.

Nilikaa na jambo hilo siku nyingi. Sauti ni moja. Kwa baba yangu ilikuwa hesabu ya ng'ombe. Kwa mama yule ilikuwa ndiyo mali aliyoinunua.

Analipia nini hasa

Loji za daraja la juu upande wetu zinatoza zaidi ya dola 1,000 kwa mtu mmoja kwa usiku mmoja. Mtu akisikia hivyo anauliza, kitanda gani hicho? Nawaambia wazi, halipii kitanda. Kitanda kama kile kipo mjini kwa bei ndogo sana. Analipia nafasi ya kuangalia mpaka upeo wa macho asione nyumba, nguzo ya umeme wala bati. Analipia giza, ili aone nyota. Analipia ukimya. Na mwezi Mei, Juni mpaka Julai, nyumbu wanapopita upande wetu kwa maelfu kwa maelfu, analipia kusimama katikati yao akiwa peke yake.

Sasa ukimya ule haukuja wenyewe. Upo kwa sababu kuna mtu hakulima pale. Kuna mtu hakuchunga pale, hakukata mkaa pale, hakujenga pale. Mtu huyo ni mzazi wako na ni ndugu yako aliyebaki kijijini. Kwa hiyo tusiingie kwenye mazungumzo ya utalii kama ombaomba. Sehemu kubwa ya kile kinachouzwa imetengenezwa na kujinyima kwetu.

Lakini mgeni analipia na kitu cha pili, nacho ni watu. Analipia mpishi anayeoka mkate laini mahali ambapo duka la karibu liko saa tatu kwa gari. Analipia fundi anayehakikisha maji ya moto yapo, na dereva anayejua chui analala mti gani. Ardhi ni yetu. Ujuzi huo, kwa sehemu kubwa, bado unatoka nje ya kwetu. Hapo ndipo mada yangu ilipo.

Fedha inavyotembea

Nisiwadanganye kwamba dola 1,000 zote zinafika kambini. Wakala wa safari aliyemuuzia mgeni huko kwao anakata sehemu yake. Ndege ina nauli yake. Serikali ina kodi yake. Mgeni mtu mzima asiyetoka Afrika Mashariki anayeingia Hifadhi ya Serengeti analipa kiingilio. Kambi iliyo ndani ya hifadhi inalipia pia kila mgeni anayelala. Kisha kuna dizeli, vipuri, chakula, bima, mishahara na mikopo. Msimu wa masika, Aprili na Mei, kambi nyingi hupungukiwa wageni na nyingine hufunga kabisa.

Kwa kambi zilizo kwenye ardhi ya Jumuiya, mwekezaji anailipa Jumuiya kwa mkataba. Kanuni zinataka angalau nusu ya mapato ya Jumuiya yagawiwe vijiji wanachama. Fedha hizo ndizo zinazotakiwa kuonekana kama madarasa, zahanati, visima na madawati. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila baada ya miezi mitatu, na mwanakijiji ana haki ya kusomewa mapato na matumizi. Sisi tulio mbali tukirudi likizo, tusiishie kwenye harusi na misiba. Tukae kwenye mkutano wa kijiji, tuulize kwa heshima, tusikilize majibu.

Fedha hiyo ni ya kijiji kizima. Ipo fedha nyingine inayoingia nyumba moja moja, nayo ni mshahara. Naomba tukae hapo zaidi.

Nani anafanya kazi gani

Kambi yetu ilikuwa na mahema 10, maana yake wageni 20 wakijaa. Wafanyakazi tulikuwa zaidi ya 40. Ndivyo kambi kubwa zilivyo, wafanyakazi wanawazidi wageni. Walinzi wa usiku karibu wote walitoka vijijini kwetu. Dobi, wafagiaji, vibarua wa kufyeka njia, wabeba mizigo, wengi walikuwa wetu. Lakini mpishi mkuu, madereva waongoza watalii, fundi wa magari, fundi wa sola, mtunza stoo, mhasibu, mtu wa mapokezi, walitoka Arusha, Moshi, Dar es Salaam na Nairobi. Siwalaumu, walikuwa wenzangu na baadhi ni marafiki zangu mpaka leo. Walisoma, wakaomba kazi, wakapata.

Tofauti haiishii kwenye mshahara wa mwisho wa mwezi. Mwongoza watalii anakaa na mgeni siku nne ndani ya gari moja. Mgeni akiondoka anamwachia tipu yake mkononi. Mlinzi aliyemsindikiza usiku anasubiri mgao wa sanduku la pamoja.

Nitawapa mfano wa baba yangu mdogo, ambaye sasa ni marehemu. Alikuwa mlinzi wa usiku katika kambi hiyohiyo. Alikulia porini. Akitazama majani asubuhi anakwambia simba wamepita wangapi, na kama kuna mwenye watoto. Siku moja magari mawili yalimtafuta chui tangu alfajiri, yakarudi bila kitu. Baba mdogo alikuwa anamaliza zamu. Akasikia kanga wakipiga kelele bondeni, akasema, "Nendeni kwenye ule mtini, yuko pale." Wakaenda. Alikuwa pale, na swala juu ya tawi.

Wageni wakaomba kesho yake wapelekwe na mzee yule. Meneja alitaka sana. Haikuwezekana. Kuongoza watalii ni kazi ambayo sheria imewatengea Watanzania, na hilo ni jema kwetu, lakini inataka leseni. Kabla ya leseni inataka cheti. Anayeongoza kwa gari anatakiwa awe na leseni ya udereva. Na mgeni anataka kuelezwa kwa lugha anayoielewa. Baba mdogo alikuwa na ujuzi ambao chuo chochote kingeuonea fahari, lakini hakuwa na karatasi. Alistaafu akiwa mlinzi, na alichokijua kikazikwa naye.

Mabwana na mabibi, nyumbani bado wapo vijana wenye macho kama yale. Nao wanazeeka.

Nyanya za Jumanne

Nigusie na biashara, kwa sababu mama zangu huwa wananiuliza, mbona kambi zinaleta mboga kutoka Arusha wakati sisi tunalima?

Swali ni la haki. Lori letu la chakula lilikuwa linatembea siku nzima, na mboga nyingine zilifika zimelala. Mpishi angefurahi kununua jirani. Tulijaribu. Kikundi kimoja cha akina mama kilileta nyanya nzuri sana, matenga sita kwa mpigo, wakati wa mavuno. Mpishi alihitaji kilo 20 Jumanne na kilo 20 Ijumaa. Tukachukua tulichoweza, nyingine zikaharibika mikononi mwao. Wiki sita baadaye kambi imejaa wageni, nyanya hakuna kijijini. Lori likaenda Arusha. Mara nyingine mzigo ulikuwepo lakini muuzaji hakuwa na risiti, na mhasibu hawezi kulipa bila risiti.

Jikoni pa kambi panataka vitu vinne, navyo ni siku ileile, kiasi kilekile, ubora uleule, na karatasi. Mayai yawe masafi na yajulikane yametagwa lini. Mboga ijulikane ilipigwa dawa lini. Haya yote yanawezekana kwa kikundi kinachopanda kwa zamu, chenye kisima, na chenye mtu mmoja anayeweza kuandika ankara na kupokea simu ya mtunza stoo. Huyo mtu mmoja ndiye anayekosekana. Na mtunza stoo mwenyewe akiwa kijana wetu, atajua nani kijijini ana nyanya wiki hii.

Tusifiche gharama

Siwezi kumaliza bila kusema upande wa machungu. Tembo wakiingia shambani usiku, kazi ya miezi minne inaisha kwa saa moja. Kipo kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa uhai, na majina yenyewe yanasema ukweli, maana kufuta jasho si kulipa jasho. Watoto wanakwenda shule wakichungulia vichaka. Na wapo vijana wetu waliokamatwa na nyama ya nyumbu au mitego ya waya, wakafungwa, na nyumba zao zikalegea. Mmoja nilikaa naye dawati moja shule ya msingi. Wakati yeye anaswekwa ndani, mimi nilikuwa nahudumia meza ya watu waliokuja kuwatazama nyumbu haohao. Sikuwa na akili kumshinda. Mjomba wangu aliuza ng'ombe wawili akanilipia mafunzo ya upishi, na yeye hakuwa na mjomba wa namna hiyo.

Ndiyo maana mzee wa kijiji akiambiwa wanyamapori ni faida, anakuuliza, faida ya nani? Jibu la hotuba halimtoshi. Jibu linalomtosha ni mjukuu wake kurudi likizo na sare ya kazi, akaezeka nyumba na kumlipia mdogo wake ada.

Pendekezo

Kamati imeleta kwenu mapendekezo mawili, ukumbi wa Umoja wetu hapa mjini, au mfuko wa ada za stadi. Wenzangu waliopendekeza ukumbi nawaheshimu. Tunakodi kumbi kila mwaka na inaumiza. Lakini ukumbi unaweza kusubiri miaka mitatu na usiharibike. Kijana wa miaka 19 aliyemaliza kidato cha nne ukimwacha miaka mitatu, hutamkuta pale ulipomwacha.

Pendekezo ni kuanza na vijana 12, sita wa kike na sita wa kiume, kutoka vijiji vyetu vyote. Vyuo vipo. Chuo cha Taifa cha Utalii kina kampasi Dar es Salaam na Arusha. VETA wana chuo cha hoteli na utalii Njiro, Arusha, na vyuo vyao vingine vinafundisha umeme, ufundi magari na mabomba. Kwa wanaotaka uhifadhi, Pasiansi iko Mwanza, karibu kabisa na nyumbani, na Mweka iko Kilimanjaro. Naomba tusiwapeleke wote kwenye utalii wa kukaa mbele ya mgeni. Fundi wa sola, fundi wa magari na mtunza stoo wanahitajika kambini, na wanahitajika hata kambi ikifungwa.

Hilo la mwisho tulijifunza mwaka 2020. Ugonjwa wa korona ulipofunga anga, wageni waliisha ndani ya wiki chache. Kambini tulibaki walinzi sita na fundi mmoja. Wenzetu wenye ufundi walikwenda kufungua karakana na mikate mijini, wakaishi. Wasio na ufundi walirudi nyumbani kusubiri simu. Utalii ni mvua, unaweza kukosa msimu. Ufundi unakaa mkononi.

Kuhusu mabinti, najua wazazi wengine wanahofu kwamba kambi itawaharibu watoto wao. Hofu hiyo naielewa, mimi pia nina mabinti. Lakini kambi nzuri ina mabweni tofauti, ina mkataba wa kazi, na ina likizo inayojulikana tarehe zake. Ipo kambi katikati ya Serengeti inayoitwa Dunia, ambayo imejulikana kwa kuendeshwa na wanawake. Mzazi aende na binti yake siku ya kwanza, aone anapolala, achukue namba ya meneja. Hayo ni malezi, na hakuna meneja wa maana atakayeyakataa.

Naomba mfuko huu uwe na masharti manne. Kwanza, ada ilipwe moja kwa moja chuoni, isipite mkononi mwa mtu. Pili, mzazi achangie kidogo, hata gunia la mahindi, ili mtoto ajue ni mali ya watu. Tatu, kijana akishapata kazi arudishe sehemu kidogo kidogo, isomeshe mwingine. Nne, majina ya wanufaika na hesabu yote vichapishwe katika kijitabu kama hiki kila mwaka, tusomewe sote. Tukiwadai viongozi wa vijiji daftari, na sisi tuwe na letu.

Na kamati ya elimu iandike barua kwa kambi zote zilizo upande wetu, kuomba nafasi za mafunzo kwa vitendo kwa vijana hao 12. Kijana aliyefanya mazoezi miezi mitatu mahali, meneja akimjua jina, ana nafasi kubwa ya kuajiriwa hapo. Nimeajiri watu, najua. Mimi mwenyewe najitolea kuzipeleka barua hizo kwa mkono, kambi kwa kambi, kwa nauli yangu.

Mwisho

Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Wageni wanakuja kwetu, na wataendelea kuja. Kupona kwa mwenyeji hakuji kwa kuwapungia mkono barabarani. Kunakuja mwenyeji anapokuwa ndiye anayepika, anayeendesha, anayetengeneza, anayeandika hesabu, na siku moja anayesaini mkataba.

Ahadi yangu nimeshaijaza kwenye fomu. Ni ada ya mwaka mzima ya binti mmoja. Fomu ziko mezani kwa Mweka Hazina, na asiyeweza mwaka mzima achukue muhula mmoja, asiyeweza muhula achukue sare na viatu. Vijana 12 si wengi kwa watu waliojaa humu ndani.